Alama ya Mama

Ngokolo, Shinyanga
11 Februari 2024

Mdogo wangu Anatoli,

Tumsifu Yesu Kristo. Natumaini umeitikia hapo ulipo, hata kama machimboni Jumapili siku hizi ni siku kama nyingine. Sisi huku wazima. Mama huko Ushirombo miguu bado inamsumbua, ila kaka Innocent anasema ameanza kwenda kisimani na kurudi bila kukaa chini njiani. Mahindi yake yamebeba vizuri. Kila nikimpigia anakuulizia wewe kwanza.

Nakupigia tangu Krismasi na simu inaita mpaka inakata. Basi nimeamua kuandika, kama tulivyokuwa tukimwandikia marehemu baba alipokuwa kwenye almasi kule Songwa. Boaz, kondakta wa basi la Geita, ameniahidi kukupa mkononi. Barua huwezi kuiacha iite.

Lililonifanya niandike ni jambo la shule. Unakumbuka ile maktaba niliyokabidhiwa ilivyokuwa: madawati mabovu, magunia ya mahindi ya chakula cha watoto, na kabati mbili za vitabu ambavyo mchwa walivisoma kabla yetu. Novemba tuliletewa msaada wa kompyuta sita, projekta, na kisanduku kidogo kama tofali chenye vitabu na video kwa maelfu, wala hakihitaji intaneti. Mwalimu mkuu alivifungia ofisini miezi miwili kwa kuogopa wezi. Nikawa namwendea kila asubuhi, mpaka akachoka kuniona, akanipa funguo. Tumeweka nondo madirishani, magunia yamehamia jikoni, na sasa chumba kile kina maana.

Kwa sababu ya video hizo shule imefungua kitengo cha watoto viziwi. Wako kumi na watatu. Mwalimu wao anaitwa Ignas, kijana wa Bariadi aliyesomea Lugha ya Alama. Nataka mwanao Vaileth awe wa kumi na nne. Tangu umlete kwangu amekaa darasa la kawaida akinakili ubaoni. Ana mwandiko mzuri kuliko wenzake wote, na maneno anayoyaandika hajui yanasema nini. Tangu ile homa ya uti wa mgongo ichukue masikio yake akiwa na miaka miwili, hakuna mtu aliyewahi kuzungumza naye, Anatoli. Tunamwonyesha tu kula, kulala, njoo, acha.

Fomu nimeiambatanisha, inataka saini ya mzazi. Ukiweza, ilete mwenyewe. Ana miaka kumi na moja sasa. Amerefuka, na mwendo wake ni wa marehemu mama yake, wifi Aneth, kabisa.

Dada yako,
Salvina


Nyarugusu, Geita
7 Machi 2024

Dada Salvina,

Shikamoo. Barua nimeipata kwa Boaz. Mimi mzima. Mvua imetuharibia, duara letu, shimo tunalochimba, limejaa maji, tunashinda tukivuta maji kwa pampu badala ya kutoa mawe. Mwenzangu Nasibu alilazwa kwa malaria lakini ametoka.

Fomu nimesaini. Fanya unavyoona inafaa kwa mtoto.

Kuja kwa sasa haiwezekani kwa ajili ya haya maji. Simu ina matatizo ya chaji. Msalimie mama, mwambie nitafika akivuna.

Mdogo wako,
Anatoli


Ngokolo
19 Mei 2024

Mdogo wangu Anatoli,

Leo Pentekoste, nimetoka misa ya kwanza na nimekaa kibarazani kukuandikia kabla sijapika. Mama amevuna. Alikuwekea gunia lako pembeni mpaka panya walipoanza kulipunguza, ndipo Innocent akaliuza. Hajakasirika.

Nikupe habari za mwanao. Siku ya kwanza Ignas aliwasha projekta, video ikatokea ukutani. Mwanamke akaonyesha ndoo ya maji, kisha akafanya alama ya maji. Akaonyesha ugali, akafanya alama yake. Vaileth alikaa ameng'ang'ania kiti. Ilipofika zamu ya ng'ombe akasimama, akaenda mpaka ukutani, akaigusa picha kwa kiganja. Halafu akatugeukia akafanya alama ya ng'ombe. Akapita kwa watoto wote, mmoja baada ya mwingine, akiwafanyia alama ile, kama mtu anayegawa pipi. Ignas alitoka nje. Mimi nilijifanya natafuta waya.

Siku hizi anafika maktaba kabla ya kengele na kuwasha kompyuta mwenyewe. Ndani ya kisanduku kuna kamusi ya video, unabonyeza picha unaona alama. Anakula maneno. Mama Sikujua, mpishi wetu, humwamkia "mwangaluka" kwa Kisukuma chake, naye humjibu kwa mikono, na wanaelewana vizuri tu.

Sasa nisikilize. Wiki iliyopita Ignas aliwaambia kila mtoto abuni alama za watu wa nyumbani, maana viziwi humpa mtu alama yake badala ya kuhangaika na jina. Mimi nimepewa miwani. Bibi yake, mkongojo. Alipofika kwa mama yake alinyoosha viganja vyote viwili akasukuma hewa kwa nguvu. Ignas alidhani amekosea, akamwomba arudie. Akarudia vile vile. Kisha akaenda kwenye kompyuta, akatafuta mpaka akaipata, akatuonyesha: kusukuma. Akaunganisha. Mama, kusukuma, mimi. Na mwisho akaweka alama aliyojifunza wiki ile ile: kwa nini.

Nilimwuliza Ignas kama ameelewa ninavyoelewa mimi. Akasema ndiyo. Mtoto anauliza kwa nini mama yake alimsukuma. Na mara nyingi humwuliza yeye Ignas mama atarudi lini.

Nilikaa kwenye kiti cha watoto. Miaka mitatu nimeishi naye nikidhani anajua. Siku ya mazishi mlimwacha kwa jirani huko Geita, ukaniletea baada ya wiki, na kumbe hakuna aliyemwambia kwamba mama yake amekufa. Mimi nami sikumwambia. Ningemwambia kwa mikono ipi?

Sijamjibu bado. Nataka kujua kwanza. Aneth aliwahi kumpiga? Au walikosana siku ile asubuhi? Ulituambia kifusi kilimwangukia Aneth wakati mtoto yuko nyumbani. Sasa alimsukuma saa ngapi, na wapi?

Nijibu hili, hata kama hujibu mengine.

Salvina


Nyarugusu
29 Juni 2024

Dada Salvina,

Shikamoo. Nashukuru kwa barua. Pole na kazi za shule. Huku maji yamepungua, tumeanza kutoa mawe na kuyapeleka karasha kusaga. Mawe si mazuri sana. Nimempa Boaz dagaa kidogo akuletee, ni wa ziwani, safi.

Aneth hakuwahi kumpiga yule mtoto hata kofi moja. Hilo liandike popote.

Mengine naomba tuyaache. Alikuwa na miaka minane, mtoto wa miaka minane anakumbuka nini? Huenda ni hizo video zinamchanganya, anaona watu wanasukumana kwenye skrini anadhani ni yeye. Kama vipi mrudishe darasa la zamani. Alikuwa ametulia.

Nisalimie mama.

Anatoli


Ngokolo
14 Julai 2024

Baba Vaileth,

Dagaa wamefika, asante. Mama anaendelea vizuri.

Simrudishi. Hakuwa ametulia, alikuwa amefungiwa, na sisi ndio tuliokuwa tukipita nje ya mlango tukisema mtoto huyu mpole.

Ndani ya bahasha hii kuna karatasi. Ifungue ukiwa peke yako. Shule ilipofunguliwa nilimfundisha programu ya kuchora, unashika kipanya na kuchagua rangi. Wenzake wamechora ndege na magari. Yeye amechora hii kwa siku tatu, na Ijumaa iliyopita aliniomba niitoe kwenye printa. Shimo unaliona. Mwanamke wa kitenge cha kijani ni mama yake, mikono yake imenyooshwa. Aliyeanguka kwenye nyasi ni yeye. Hizi rangi za udongo hapa juu sikuzielewa mpaka alipoonyesha kwa mikono: vumbi.

Kulia, karibu kabisa na ukingo wa karatasi, kuna mtu wa kofia ya njano ya mchimbaji. Amechorwa kwa mgongo. Nilimwuliza huyu ni nani. Hakuhitaji kamusi.

Kwa hiyo alikuwepo, Anatoli. Na wewe ulikuwepo.

Siku hizi haulizi tena mama atarudi lini. Akimaliza masomo ya maktaba anafunga kompyuta na kukaa ameweka mikono mapajani. Mtoto aliyepata maneno juzi ameanza kunyamaza. Nadhani ameshajijibu mwenyewe, na jibu alilojipa ni baya kuliko lolote utakaloniandikia.

Salvina


Nyarugusu
26 Agosti 2024

Dada,

Boaz amenidai jibu safari nne. Leo nimemwambia asubiri, naandika huku basi linapakia.

Siku ile tulikuwa tunaokota mawe kwenye duara la zamani lililoachwa. Jirani aliyekuwa akimwangalia mtoto alisafiri, tukaenda naye. Alikuwa anacheza na mchanga karibu na ukingo. Aneth alikuwa mbali, upande wa karasha. Mimi ndiye niliyekuwa karibu na mtoto. Hatua sita, labda saba. Nimezipima mara nyingi tangu hapo.

Mtu akapiga kelele kwamba ardhi inapasuka. Watu wote wakakimbia. Nami nikakimbia. Nilimwita mtoto. Nilimwita kwa jina lake, kwa sauti yangu yote, huku nakimbia. Mimi baba yake mzazi namwita mtoto kiziwi. Nimekuwa nikijiambia kwamba kwa hofu nilisahau kuwa hasikii. Sina hakika kama nilisahau.

Aneth alikuwa anakuja. Tulipishana, dada. Yeye anaelekea kule nilikotoka. Aliniangalia, akaendelea kukimbia. Nilipogeuka alikuwa ameshafika, akamsukuma mtoto kwa mikono miwili, akatupwa mpaka kwenye nyasi. Halafu pale aliposimama hapakuwa na mtu.

Tulimfukua mpaka jioni.

Nilisema mtoto alikuwa nyumbani kwa sababu ningesema alikuwepo, mngeuliza baba yake alikuwa wapi. Mama angeuliza. Ndugu zake Aneth wangeuliza. Na yule mtoto nikimwangalia namwona Aneth akinipita. Ndiyo maana siji. Maji ya duara yalikauka zamani.

Mwambie wewe. Wewe ni mwalimu, na mimi lugha yake siijui.

A.


Ngokolo
22 Septemba 2024

Mdogo wangu,

Mama mzima, Innocent mzima, mimi mzima. Nimeanza na hayo kwa sababu sijui pa kuanzia.

Barua yako nimeisoma, nimeitia ndani ya kitabu changu cha sala. Sijamwonyesha mtu. Sitakuhukumu na sitakwambia kwamba si kitu. Nilikulea nikikubeba mgongoni, na Aneth nilimpenda. Yote mawili yamo humu ndani na hayasaidiani.

Ijumaa tumemwambia.

Tulikuwa watatu maktaba, mimi, Ignas na yeye. Ignas alianza na kifo. Alama anaijua, mbuzi wa Mama Sikujua alikufa mwezi wa saba na watoto wote walimzika. Alimwambia mama yako amekufa, hatarudi. Vaileth aliniangalia mimi, si Ignas, kuona kama ni kweli. Nikafanya alama ile ile. Akaitikia kwa kichwa polepole, kama mtu anayethibitishiwa kitu.

Kigumu kilikuwa kumweleza kwamba hakusukumwa kwa hasira. Tulimwambia ardhi ilivunjika. Hakuelewa. Ardhi ni kitu cha kusimamia, itavunjikaje? Alama hazikutosha, na kuchora hakukutosha. Ndipo nikakumbuka kwenye kisanduku kuna somo la jiografia la darasa la sita, kuhusu mmomonyoko. Kuna sehemu ukingo wa mto unakatika na kuanguka majini. Hakuna mtu pale, ni udongo tu na mti mmoja. Tuliiweka ukutani tukaipunguza mwendo. Mwanzo unaona nyasi zimetulia. Kisha mstari mwembamba. Kisha mti unainama, na nchi yote inakwenda.

Alisimama. Akaomba irudiwe. Tukarudia. Akaomba tena. Mara ya tano au ya sita akashika kipanya mwenyewe, akaisimamisha pale ambapo mstari umetokea na ardhi haijaanguka bado. Akaweka kidole ukutani, juu ya mstari, upande wa mto. Akasema: mimi. Kisha akasogeza kidole upande wa nyasi, akafanya ile alama ya mama yake, viganja viwili, na akabaki amevinyoosha.

Ignas akamwambia: mama alikusukuma ili uishi.

Hakulia hapo. Aliuliza watu wengine walijuaje kwamba ardhi inavunjika. Ignas akamweleza kwamba mtu mmoja alipiga kelele, wengine wakasikia. Akafikiri. Akauliza kama na yeye aliitwa. Nilijua kutoka kwenye barua yako kwamba aliitwa, na kwa jina. Nikamwambia ndiyo, uliitwa.

Akasema: sikusikia.

Akairudia, mara nyingi: sikusikia, samahani, sikusikia. Anamwomba nani msamaha sijui. Ndipo akalia, Anatoli, na ile sauti yake ambayo yeye mwenyewe haijui ilivyo ikasikika mpaka uwanjani, watoto wakaacha kucheza. Nilimshika mpaka kengele ya kutoka.

Kuhusu wewe aliuliza mara moja tu: Baba alikuwa wapi? Nikamjibu kwamba baba alikuwepo, na hiyo ni habari ya baba kuisema. Sikudanganya, sikuongeza.

Jumamosi alinisumbua mpaka nikafungua maktaba. Amechapa barua kwenye kompyuta. Ignas alitaka kuinyoosha, nikamkataza. Nakunakilia kama ilivyo:

"Baba. Mama kufa mimi jua. Mama kasirika hapana. Mimi kosa hapana. Baba kasirika? Kuja lini? Mimi maneno mengi sasa. Vaileth."

Nimetia na kadi ya kumbukumbu ya simu yenye masomo ya kwanza ishirini ya alama. Weka kwenye simu yako, ile yenye matatizo ya chaji. Somo la tatu lina maneno yote unayohitaji.

Dada yako,
Salvina


Isaka
24 Oktoba 2024

Dada Salvina,

Shikamoo. Usishangae mahali ninapoandikia.

Machimboni nimeondoka. Nasibu amechukua zana. Nimepata kibarua hapa Isaka cha kushusha mizigo kwenye mabehewa na kupakia kwenye malori, na usingizi wangu ni nafuu kidogo.

Wiki mbili zilizopita, Alhamisi, nilipanda basi nikaja Shinyanga. Nilinunua shati. Masomo ya kadi nilikuwa nimeyatazama yote, lile la tatu nililirudia mpaka Nasibu naye akalijua. Nilifika shuleni saa nne, mlinzi akanielekeza maktaba. Wewe hukuwepo, ulikuwa darasani kwako.

Nilisimama dirishani. Walikuwa wengi, sikujua ni yupi. Mwendo wake tu ndio ulionionyesha, alipoinuka. Alikuwa anawasimulia wenzake kitu kilichokuwa kwenye kompyuta. Dada, mikono ile inakwenda kasi. Nilikuwa na maneno kama ishirini, nikitafuta hata moja nilikamate, sikuliona. Wenzake wanacheka, yeye anacheka. Nilisimama pale kama mimi ndiye kiziwi.

Nikawaza, nitaingia nimwambie nini? Nina "baba" na "samahani" na "njoo." Hatua sita zile kwa mikono yangu hii siwezi kuzisema. Na hata ningeweza, mtoto anacheka, niingie nimpe hilo?

Nikarudi stendi. Ametulia kweli sasa, nimemwona. Mwache hivyo.

Mdogo wako,
Anatoli


Ngokolo
10 Novemba 2024

Anatoli,

Alikuona.

Alhamisi ile nilipotoka darasani alikuwa ananisubiri mlangoni. Akaniambia baba, dirishani. Nikamwambia hapana, umefananisha. Akasisitiza, nami nikasisitiza. Hakubishana. Alikwenda getini akakaa kwenye jiwe la mlinzi mpaka shule ikafungwa, na kesho yake tena, na Jumatatu tena. Mlinzi alidhani nimemtuma.

Barua yako ilipofika nilimwita nikamwambia: uliona sawasawa, alikuwa yeye, mimi ndiye niliyekosea. Nilimwomba msamaha. Akauliza kwa nini hukuingia. Nikasema sijui. Akaitikia kwa kichwa vile vile polepole, kama siku ile tulipomwambia kwamba mama yake hatarudi.

Hajauliza tena. Masomo anafanya, na wadogo waliokuja mwezi huu anawafundisha yeye, Ignas anakaa pembeni. Kompyuta yake ilikuwa ile ya ukutani, yenye skrini kubwa, ambayo wenzake wanaigombania. Ameiacha. Amehamia ile mbovu ya pembeni na ameigeuza meza ili akae akitazama dirisha. Jua la asubuhi linampiga usoni, skrini haisomeki, nimemwambia mara tatu ahame.

Hakubali.

Salvina